Kung'arisha rangi ya metaliki: ununue nini na uanze na nini, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Swali ambalo wenye magari huku kwetu wanauliza sana ni hili, nipake waksi gani ili ile metaliki itoke, yani zile chembe zimetemete juani kama gari ndio kwanza imeshushwa bandarini. Waksi nitazitaja na majina yake, ila kwanza tuelewane kitu kimoja maana bila hicho utatupa hela bure: kinachoiwasha metaliki sio waksi, ni klia, yani lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, kuwa safi na laini. Waksi inakuja mwisho kabisa na kazi yake kubwa ni kulinda. Kwahiyo hela uliyotenga, zaidi ya nusu iende kwenye kusafisha na kupiga polishi, kinachobaki ndio ununulie cha kupaka juu. Wengi wanafanya kinyume, wananunua kopo la bei mbaya halafu wanapaka juu ya uchafu na michirizi, wiki mbili gari imerudi kufubaa wanaanza kulalamikia waksi.

Rangi yenyewe iko hivi. Chini kabisa praima (tabaka la kushikishia rangi), juu yake rangi ambayo imechanganywa na vipande vidogo sana vya alumini, halafu juu ya hapo klia ambayo haina rangi yoyote. Vile vipande vya alumini vimelala bapa na kila kimoja kinarudisha mwanga, ndio maana ukiizunguka gari ya metaliki unaona inabadilika, ukisimama hapa inawaka, ukisogea kidogo inakuwa nzito. Zile nyeupe za pearl, zinazometa kama lulu, zinatumia mika (madini yanayometa) badala ya alumini, ila kanuni ni ile ile. Sasa mwanga lazima upite kwenye klia kuingia, ugonge chembe, upite tena kwenye klia kutoka. Klia ikiwa imejaa mikwaruzo midogo ya kuoshea vibaya, mwanga unatawanyika kabla haujafika kwenye chembe, unachokiona wewe ni ukungu fulani hivi wa kijivu. Chembe zako zipo pale pale hazijaenda popote, zimefunikwa tu.

Na klia ni nyembamba mno. Ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50, haifiki unene wa karatasi ya A4. Kila ukipiga polishi unapunguza kidogo, ndio maana nasisitiza kuanza na kitu laini, kwasababu ukiimaliza klia hakuna waksi ya kuirudisha, hapo ni kwa fundi rangi tu.

Kabla hujanunua chochote ijue rangi ya gari yako. Toyota nyingi zilizotoka Japani zina kibati ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR, namba ya kwanza pale ndio rangi. 1F7 ni ile silva inayojulikana, 1G3 ni kijivu cha metaliki, 209 ni nyeusi yenye mika wakati 202 ni nyeusi ya kawaida isiyo na chembe, 070 ni nyeupe ya pearl, 040 ni nyeupe plain. Hii 040 kwenye magari mengi haina klia kabisa, ukisugua na polishi tambara linatoka jeupe na hiyo ni kawaida. Ila kwenye metaliki, ukiona tambara au pedi (ile sponji ya kupigia polishi) inachukua rangi ya gari, SIMAMA hapo hapo, maana yake umeshatoboa klia unakula chembe zenyewe. Wenye Mazda CX-5 zile nyekundu (41V na 46V) nanyi muwe makini sana, ile nyekundu imepangwa tabaka kwa tabaka, chembe ziko chini na nyekundu ya kupenya mwanga iko juu yake, ukiiharibu kuilinganisha tena ni kazi ngumu sana hata kwa fundi mzuri.

Pia ujue kama kuna paneli iliyopigwa rangi upya. Magari ya mtumba haya, unakuta bampa na mlango mmoja vilishapigwa rangi huko huko au hapa, na klia yake haina unene sawa na ya kiwandani wala ugumu sawa. Kuna kamashine kanapima unene wa rangi, kama fundi wako anako akupimie paneli zote kabla hajawasha mashine. Na kama ndio umetoka kupiga rangi juzi usikimbilie waksi, acha rangi ipumue kwanza mwezi mmoja hadi miwili, muulize aliyekupigia ametumia rangi gani na inataka muda gani.

Kwanini huku kwetu tunateseka kuliko wa kwingine? Vumbi. Udongo wetu mwingi hapa chini ya Meru ni wa volkeno, ukishika vumbi la Moshono au kule Ngaramtoni vidoleni unasikia linakwaruza, sasa fikiria chalii anapita na tambara kavu juu ya boneti kukufutia vumbi wakati umepaki mjini, kwa nia nzuri kabisa ya kukusaidia, anakupiga msasa bila kujua. Naomba kwa moyo wote, mkatazeni, mpe hata hela yake ila asiguse. Halafu jua, tuko juu, Arusha ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hata siku ya baridi ya Julai mionzi ipo. Na maji, maji yetu ya huku yana madini (floridi si wote tunaijua kwenye meno), tone likikaukia juani kwenye boneti linaacha duara jeupe ambalo likikaa muda linaanza kuila klia. Wa mjini ongezeni na mijakaranda, ikifika Oktoba Novemba yale maua yanadondoka kwenye gari yananata, ukichanganya na kinyesi cha ndege chenye tindikali yake, siku tatu nne za jua zinatosha kuacha alama ya kudumu.

Basi tuanze kununua, na cha kwanza ni shampuu. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya vyombo zinaondoa waksi uliyopaka na zinaiacha rangi kavu. Tafuta shampuu ya gari isiyo kali, kwenye chupa wanaandika pH ya kati, chupa moja inakaa sana maana unatumia kidogo tu kwenye ndoo. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia glavu, na glavu iwe ya maikrofaiba sio ile sponji ya godoro ambayo inashika mchanga na kuuburuza. Kwanza mwagia maji ya presha mpaka vumbi lote la juu lishuke, ndio uguse, anzia kwenye paa ukishuka chini, upande wa chini wa milango na bampa mwisho kabisa kwa sababu ndipo palipo na tope. Na usioshe juani wala wakati boneti ina moto. Mataulo ya kukaushia nunua ya maikrofaiba mazito, ya kutosha, na yafue peke yake, usiyachanganye na nguo wala usiweke ile sabuni laini ya kunukisha nguo.

Ukishaosha na kukausha, chukua mfuko wa nailoni mwembamba vaa mkononi pitisha polepole juu ya boneti. Kama unasikia vichembe vichembe kama mchanga umeganda, hiyo ndio sababu ya kwanza gari kufubaa, na hakuna shampuu itakayoitoa. Ni vumbi la breki, lami, chembe za chuma zilizoshika huko ilikotoka au kwenye meli. Hapa unahitaji vitu viwili. Kimoja ni dawa ya kutoa chuma, IronX ya CarPro au Sonax wana ya kwao, unapulizia inageuka zambarau inapokutana na chuma, inanuka vibaya kweli, unasuuza haraka kabla haijakauka. Kingine ni klei, kile kidonge cha udongo wa plastiki, chagua ile laini iliyoandikwa kazi nyepesi. Rangi iwe imelowa muda wote, maji yenye shampuu yanatosha kabisa huna haja ya kununua kilainishi chake, unateleza bila kukandamiza, kipande kidogo kidogo, ukiona klei imechafuka unaikunja upate upande msafi. Ikidondoka chini ITUPE. Najua inauma maana sio bei rahisi, ndio maana ikate vipande vidogo kabla hujaanza, kikidondoka kimoja unabaki na vingine.

Watu wengi wa silva wakifika hapa wanashangaa, gari imebadilika na polishi bado hata haijaguswa. Silva na zile za beji (rangi ya krimu) zinaficha mikwaruzo, kinachoziua zaidi ni uchafu ulioganda, kwahiyo wewe wa 1F7 kama hela haitoshi, fanya dawa ya chuma, klei, polishi nyepesi kwa mkono, kisha cha kupaka juu, umemaliza. Wa kijivu, bluu na nyeusi ya mika ndio mnaohitaji mashine kweli kweli.

Polishi sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo metaliki inapofia au kupona. Kuna kompaundi, hiyo ni kali, inakata. Kuna polishi ya kumalizia, hiyo ni laini, inasafisha alama za kompaundi na kutoa ung'avu. Kwa metaliki usiyokuwa na uhakika nayo nunua ya kumalizia KWANZA, ijaribu, ukiona haikutoshi ndio ununue kompaundi. Meguiar's M205 ni ya kumalizia na ni nzuri sana kwenye rangi za giza, Menzerna wana 3800 ambayo ni laini zaidi ya hapo, na ukitaka za kawaida ambazo hata kwa mkono zinafanya kazi kuna Meguiar's Ultimate Polish, na Ultimate Compound kwa ile yenye michirizi mingi. Achana na ile rabing kompaundi nzito ya kwenye kopo ambayo wapiga rangi wanatumia baada ya msasa, ile ni ya fundi na kazi yake nyingine.

Mashine ziko za aina mbili. Rotari inazunguka tu, ina nguvu, ndio bafa utakayoikuta kwenye gereji nyingi ikiwa na pedi ya manyoya, na kwa mkono usiotulia inaacha yale mawimbi ya mwanga ambayo kivulini huyaoni, ukitoka nje jua la saa nane likapiga ubavuni unaona gari nzima imechorwa miduara. Kwenye rangi nyeupe plain unaweza usione, kwenye kijivu cha metaliki ni aibu. DA (kifupi cha dual action) inazunguka huku inayumba, ni polepole ila ni ngumu sana kuunguza rangi nayo, mtu anayejifunza aanze na hiyo. Pedi za sponji, ngumu kidogo ya kukatia na laini ya kumalizia, nunua zaidi ya moja kwa kila aina maana zinajaa haraka.

Jaribu kwanza sehemu moja tu, nusu mita kwa nusu mita, pale kwenye boneti au buti. Matone manne matano ya polishi kwenye pedi, sambaza kwa spidi ndogo, halafu spidi ya nne au ya tano, tembeza taratibu kwa mistari inayopandana, kwenda na kurudi mara nne hivi, futa. Sasa usijidanganye na unachokiona hapo, kwasababu polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, yakioshwa mikwaruzo hiyo imerudi. Changanya alkoholi ya isopropili na maji, alkoholi sehemu moja maji sehemu nne au tano, pulizia pale futa, halafu mulika na tochi ya simu kwa pembeni. Kinachoonekana hapo ndio ukweli. Ukiona chembe zimekaa moja moja, kali, hazina ukungu, umepata mchanganyiko wako wa polishi na pedi, endelea nao gari nzima. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti pita juu juu, klia pale ni nyembamba zaidi, weka masking tepu kama mkono bado haujazoea, na plastiki nyeusi zote nazo zibandike tepu maana polishi ikikaukia pale inaacha weupe unaokera.

Kama huna mashine na unampelekea fundi, muulize mambo matatu kabla hujamwachia funguo: ataosha na kupiga klei kwanza? anatumia pedi gani kumalizia? ataifuta na alkoholi akuonyeshe juani? Akisema hayo yote hayana haja, anakupaka tu ing'ae, chukua gari yako uende.

Sasa ndio tumefika kwenye cha kupaka juu. Hapa rangi ya gari ndio inaamua.

Silva, nyeupe ya pearl, beji, yani metaliki nyepesi: chukua silanti, ile waksi ya kutengenezwa kiwandani isiyo ya asili. Inakaa wazi kama haipo, inaacha chembe zinachoma macho, na inavumilia jua miezi kadhaa. Meguiar's Ultimate Liquid Wax iko kundi hili. Soft99 wa Japani wamerahisisha zaidi, Kiwami yao ipo ya nyeupe, ya silva na ya nyeusi, kila moja imeandikwa kwenye kopo, Fusso Coat nayo ina ya rangi nyepesi na ya rangi za giza, na ile Fusso inadumu sana. Kuweka kanauba nzito ya asili (ni nta ya majani, nitaieleza hapo chini) kwenye silva mimi siipendi, inaipa silva joto fulani la umanjano na kuzima ule ukali wa chembe.

Kijivu kizito, bluu, kijani, nyekundu, nyeusi ya mika: hizi zinataka kina, unataka uone kama rangi imelowa na chembe ziko chini zinamulika. Hapa kanauba ina nafasi yake. Kanauba ni nta ya majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, ni ngumu inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, inapendeza mno, ila kwa jua letu inakaa wiki chache tu imekwisha. Collinite 845 ina kanauba na inadumu kuliko wengi wa kundi lake. Ninavyoshauri mimi ni silanti kwanza kwa ajili ya ulinzi, iache saa kadhaa au mpaka kesho yake ishike, halafu kanauba juu kwa ajili ya kina. Usigeuze mpangilio, silanti haishiki juu ya nta.

Glezi ni ile krimu ya mafuta inayojaza mikwaruzo iliyobaki. Poorboy's wana Black Hole kwa rangi za giza na White Diamond kwa nyepesi. Inafaa ukiwa na harusi Jumamosi na huna muda wa mashine, unapaka glezi, juu yake waksi, gari inaonekana mpya. Ila haijatibu kitu, mvua za masika zikipiga kidogo na maosho mawili matatu imeondoka, kwahiyo usiinunue badala ya polishi.

Seramiki, ile kinga ya maji inayokauka ikawa ngumu juu ya klia, nayo wanaisifia sana na ni kweli inadumu kuliko zote, tena inasaidia vumbi kutoka kirahisi. Tatizo lake ni kwamba inafungia kila kilichoko chini, ukiiweka juu ya michirizi umeifungia michirizi humo miaka. Kama hela ipo lakini polishi haijapigwa vizuri, seramiki isubiri. Zile za kupulizia kama Turtle Wax Hybrid Solutions ni za katikati, rahisi kupaka, na kwa gari inayoshinda barabara ya Moshi Arusha kila siku ni chaguo zuri tu.

Vyovyote utakavyochagua paka kidogo, tabaka jembamba kabisa, kivulini, boneti ikiwa baridi. Waksi nyingi sio kung'aa kwingi, ni kazi ya kufuta tu.

Vitu vya kuacha dukani: polishi ya dashibodi usipake kwenye bodi, ile silikoni inanata vumbi kama nini na siku ukitaka kupiga rangi fundi atakulaani kwasababu rangi inakataa kushika. Mafuta ya taa na dizeli ambavyo vijana wanapangusia bodi ing'ae, achana navyo kabisa. Dawa ya meno kwenye mkwaruzo, hapana. Na kuwa makini na chupa za majina makubwa ambazo lakiri yake imeshafunguliwa au maandishi yamepauka, bora ununue jina dogo lililofungwa.

Matunzo baada ya hapo ni mepesi. Osha kila wiki au mbili kwa ile njia ya ndoo mbili, kausha mara moja maji yasikaukie, kinyesi cha ndege kiloweshe na taulo la maji dakika kadhaa ndio ukitoe, usikikwangue kikavu. Chupa moja ya waksi ya kupulizia ikae kwenye buti, ukimaliza kuosha pitisha, inaongezea uhai ile ya chini. Kujua kama ulinzi bado upo angalia maji ukisuuza, yakijikusanya matone na kukimbia ipo, yakitandaa na kulala boneti nzima imeisha. Hapo rudia mfuko wa nailoni, kama ni laini osha vizuri upake silanti tu, kama inakwaruza rudi kwenye klei, polishi ya mashine iache mpaka uone mikwaruzo yenyewe.